Kopo la Achari la Setsuyo Ukai

Setsuyo Ukai aliitwa mfanyakazi wa nusu siku kwa miaka kumi na moja, na katika miaka hiyo yote hakufanya kazi nusu siku hata mara moja. Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi alikuwa kwenye mstari wa mazoezi, kofia imefungwa kidevuni, akinyoosha mikono kwa kufuata redio. Saa kumi na moja jioni ndipo alipopanda baiskeli kurudi nyumbani. Lakini daftari la ofisi lilisema nusu siku, kwa kuwa alikuwa mke wa mtu, na mke wa mtu, kwa akili za ofisini, huja kiwandani kupunga upepo.

Kiwanda kilikuwa kando ya Mto Yahagi, huko Japani, kikitengeneza vibati vya breki za magari. Katika banda la mashine za kugonga bati walikaa wanawake ishirini na wawili, kila mmoja na mashine yake na nambari yake. Unaingiza bati kwenye kalibu, unatoa mikono, unabonyeza vitufe viwili, kimoja kwa kila mkono, na chuma cha tani arobaini kinashuka. Vitufe viliwekwa viwili makusudi, ili chuma kisishuke kabla mikono yote miwili haijawa nje. Setsuyo alifanya hivyo mara elfu tatu kwa siku na hakuwahi kulalamika.

Alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hakuweza kuona kitu kimekaa vibaya akakiacha. Nyumbani alikwisha kuihamisha rafu ya sufuria mara nne, mpaka mume wake, mshona mikeka ya tatami, akamwambia, "Siku moja nitaamka nikute umenihamishia kwa jirani." Kiwandani ugonjwa huo ulikuwa baraka. Yeye ndiye aliyesema meza ya mabati ipandishwe kiasi cha vidole vinne, na wanawake kumi wakapona mgongo.

Enzi hizo msimamizi alikuwa Mzee Kuwabara, na lazima niseme habari zake, kwa sababu bila yeye huwezi kuelewa hasira iliyofuata. Juu ya kila mashine ilining'inia kamba. Ukiona tatizo, unavuta, taa nyekundu inawaka, banda zima linasimama. Mzee Kuwabara akiona taa alikuwa anakimbia. Mtu wa miaka hamsini na nane, magoti mabovu, anakimbia huku kashika kofia, na akifika neno lake la kwanza ni lilelile: "Asante kwa kutusimamisha." La pili, "Nionyeshe." Hakuwahi kuuliza nani kakosea. Aliuliza mashine imekosa nini, kisha akachuchumaa na kuingiza mikono yake mwenyewe kwenye oili. Kwa wale walioogopa kalamu, aliwaandikia yeye karatasi za mapendekezo, na jina chini akaliweka lao. Kanuni ya asante aliibandika ukutani kwa mwandiko wake. Huko ndiko kuongoza. Watu wa kule huiita kazi hiyo kaizen, kuboresha kidogo kidogo kila siku, na walioizoea hawaitangazi.

Machi ya mwaka 1976 Mzee Kuwabara alistaafu. Aprili akaja Bwana Murase.

Murase hakuwa mtu mwovu, na hilo ndilo linalonikera zaidi, maana mwovu ungemjua mapema. Alitoka makao makuu akiwa na cheo cha mkuu wa idara, kalamu tatu mfukoni na imani moja kichwani: kisichohesabika hakipo. Wiki ya kwanza akapachika mbao mbili. Ubao wa kwanza ulikuwa na majina ya wote, na kila aliyetoa mapendekezo mawili kwa mwezi alibandikiwa ua la karatasi. Asiyefikisha mawili alisimama mbele ya mstari asubuhi akaeleza kwa nini. Aliyetoa matano alipata ua hilohilo moja, na yale matatu ya ziada hayakuhesabiwa popote. Ubao wa pili uliandikwa "Siku bila kusimama". Mwisho wa Aprili ulianza kusoma moja, mbili, tatu, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kugusa kamba. Nani angekubali kuwa yeye ndiye aliyeirudisha nambari ya wote kwenye sifuri?

Sasa tazama watu wenye akili wanavyofanywa wajinga. Mwezi wa kwanza waligundua kuwa kutoa mawazo matano ni hasara. Toa mawili, weka matatu, kwa sababu mwezi ujao kichwa kinaweza kuwa kikavu na aibu ya kusimama mbele ya mstari hakuna anayeitaka. Basi wakawa wanayaweka. Walilipa jambo hilo jina: achari.

"Una achari ngapi?" waliulizana wakati wa chakula, vibweta vya wali vimefunguliwa magotini.

"Nne. Mbili za Septemba, mbili za Oktoba."

"Tajiri wewe! Niazime moja, kichwa changu leo ni figili tupu."

"Nikuazime? Loweka yako!"

Wakacheka. Setsuyo naye alicheka. Alikuwa na kopo la bati la majani ya chai, na humo akazikunja karatasi zake moja baada ya nyingine. Mwanamke aliyekuwa hawezi kuiacha rafu imekaa vibaya sasa aliviona vitu vimekaa vibaya, akaviandika vizuri, akavifunika. Usiku alilala. Alizoea. Binadamu anazoea upesi jambo ambalo bosi wake amelibandikia ua.

Jumatatu ya tarehe nne Oktoba, akiwa kwenye Nambari Nne, Setsuyo aliona kitufe cha kushoto hakirudi. Oili ilikuwa imeingia chini yake na springi imechoka. Ukikibonyeza kinabaki kimezama, na mashine inadhani mkono wa kushoto uko pale daima. Ukigusa cha kulia peke yake, chuma kinashuka. Saa ya mapumziko aliandika karatasi, akachora kitufe, springi, mshale, akaweka tarehe. Kisha akaipeleka kwa kiongozi wa kikundi, kijana mmoja aitwaye Hibino, mwenye miaka ishirini na tisa na vidonda vya tumbo.

Hibino aliisoma, akatazama mlango wa ofisi.

"Hii nzuri sana, Bi Ukai. Nzuri mno."

"Basi ipeleke."

"Ya mwezi huu si ulishatoa mbili Ijumaa? Hii itapotea bure. Novemba ni mwezi wa mashindano ya mapendekezo, Mkuu anataka kitu kizito cha kwenda nacho mjini Nagoya. Iweke kidogo."

"Kitufe hakirudi, Hibino."

"Wewe mikono yako ina macho. Wiki nne tu, tafadhali."

Na hapa Setsuyo hakuvuta kamba. Aliitazama. Alitazama pia ule ubao wa siku, akawatazama wanawake ishirini na mmoja waliokuwa wakiulinda kama mali yao, akaikunja karatasi akaitia kwenye kopo. Kwa wiki mbili na nusu alikuwa akibonyeza kisha anakiinua kitufe kwa kidole gumba, anabonyeza, anakiinua. Mara elfu tatu kwa siku.

Tarehe ishirini na moja alihamishiwa Nambari Saba, na Nambari Nne akakalishwa Chizuko Inagaki. Chizuko alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mchekeshaji wa banda, ndiye aliyelitunga jina la achari. Setsuyo alijiambia atamweleza habari za kitufe wakati wa chakula. Ilikuwa saa nne na robo. Chizuko aliingiza mkono wa kushoto kunyoosha bati lililokaa upande, mkono wa kulia ukiwa tayari juu ya kitufe chake, kama walivyofanya wote kuwahi idadi. Chuma kilishuka. Vidole viwili, kuanzia kiungo cha kati.

Hata siku hiyo kamba haikuvutwa. Hibino alizima Nambari Nne peke yake na kumbeba Chizuko mpaka kwenye gari, damu mpaka viatuni, huku mashine ishirini na moja zikiendelea kugonga. Kesho yake ubao uliongezwa siku moja.

Siku nane baadaye Murase aliwaita Setsuyo na Hibino ofisini, akawamiminia chai kwa mkono wake.

"Nimesikia kuna pendekezo juu ya kitufe," alisema. "Bi Ukai, liandike upya. Weka tarehe ya leo."

"Lina tarehe yake, Mkuu."

"Ndiyo, lakini tukisema tulijua tangu tarehe nne, itaonekana vibaya kwa kila mtu. Kwako pia." Alisema hivyo kwa upole, kama anayemfunika mtu shuka. "Tuseme tumejifunza kutokana na ajali. Kabla na baada. Picha mbili. Hakuna kikundi kitakachokuwa na kitu kama hiki Nagoya."

Setsuyo alidhani amesikia vibaya. "Kwa hiyo kitufe kimetengenezwa?"

"Bado. Mpiga picha anakuja Jumanne. Tunahitaji picha ya kabla."

Nambari Nne ilikuwa imefunikwa turubai, na chini ya turubai kitufe kilikuwa bado kimezama vilevile. Damu ilimpanda Setsuyo kichwani. Alimtazama Hibino, na Hibino alitazama chai yake.

"Na Chizuko?" aliuliza.

"Inagaki ataandika barua ya kujitafakari. Aliingiza mkono kalibuni, hiyo ni kinyume cha utaratibu. Jumatatu ataisoma mbele ya mstari, kisha tunasahau, tunasonga mbele pamoja."

Kusonga mbele pamoja! Mtu amepoteza vidole kwa springi isiyozidi kidole chenyewe, na sasa aje ainamishe kichwa aombe radhi kwa kuisumbua mashine.

Jioni hiyo Setsuyo alikwenda kwa Chizuko na furushi la mapera ya Kijapani, yale makubwa ya mviringo. Alimkuta amepiga magoti mbele ya meza fupi, mkono wa kushoto umefungwa bendeji mpaka kifundoni, anaandika. Kabla Setsuyo hajavua viatu vizuri, Chizuko alikuwa ameinama mpaka paji la uso linagusa mkeka.

"Nisamehe, dada. Nimewaletea balaa nyote, na mwezi wa mashindano uko mlangoni."

"Inuka, Chizuko."

"Sijui nilikuwa nawaza nini. Nakumbuka nimebonyeza kimoja tu. Lakini kimoja hakiwezi kushusha chuma, si kweli? Kwa hiyo lazima nilibonyeza vyote. Lazima ni mimi. Hebu nisomee hapa, nimeandika 'uzembe wangu' mara tatu, unadhani zinatosha?"

 Setsuyo alimenya pera, akalikata vipande vinane, akamwekea karibu na mkono mzima. Aliondoka bila kumwambia habari za kitufe, na njia nzima ya kurudi alijitukana kwa sauti juu ya baiskeli, mpaka mtu mmoja aliyekuwa anaanika matunda ya kaki akasimama kumshangaa.

Jumatatu, tarehe moja Novemba, Chizuko alirudi. Kofia yenye kamba huwezi kuifunga kwa mkono mmoja, basi Setsuyo alimfungia yeye kidevuni. Fundo alilikosea mara mbili.

"Mbona unababaika wewe? Anayesoma ni mimi," Chizuko alisema.

Mazoezi yaliisha. Mashine zilikwisha kuwashwa zipate moto, kama kila Jumatatu, na wote walipangwa mbele ya Nambari Nne. Murase alitoa hotuba fupi kuhusu umakini. Chizuko alitoa barua mfukoni, akaikunjua kwa meno na kidole gumba. Alisoma, "Kwa uzembe wangu..."

Setsuyo alitoka kwenye mstari. Hakukimbia. Alipanda kwenye kibao cha Nambari Nne, akaishika kamba kwa mikono yote miwili na kuivuta kama mtu anayeteka maji kisimani.

Taa nyekundu iliwaka. Mashine zikanyamaza moja moja mpaka ya mwisho. Siku mia moja na themanini na tisa zilikuwa zimekwisha, na mtu mmoja nyuma alisema "Mama yangu!" bila kujua kuwa amesema.

Murase alikuwa hatua sita tu kutoka hapo, na hizo sita alizitembea polepole.

"Kuna nini, Bi Ukai?"

"Sivyo unavyoanza, Mkuu."

"Unasemaje?"

"Kanuni iko ukutani nyuma yako. Anayefika kwenye taa anaanza na asante. Ukishasema, nitakuambia kuna nini."

Kicheko kidogo kilipita katikati ya wanawake, kikajificha. Murase aliiva masikio.

"Shuka hapo. Tutazungumza ofisini."

"Basi hiyo asante iloweke, utanipa ikiiva. Mimi nasema sasa hivi." Alilitoa kopo la chai ndani ya ovaroli, akalifungua, akaikunjua karatasi ya juu. "Tarehe nne Oktoba. Nambari Nne, kitufe cha kushoto hakirudi. Chuma kinashuka kwa kitufe cha kulia peke yake. Imeandikwa na Ukai. Mchoro huu hapa. Chizuko hakubonyeza vyote viwili. Alibonyeza kimoja, na kilitosha. Uzembe si wake, na barua hiyo haimhusu."

Halafu akaligeuza kopo juu ya meza ya mashine, na karatasi nyingine tisa zikaanguka.

 Kisha Hibino, yule wa vidonda vya tumbo, alikwenda kwenye kabati lake akarudi na bahasha. "Kumi na moja," alisema. "Na ile ya kitufe, mimi ndiye niliyesema iwekwe." Baada yake wakaenda wengine. Walizitoa karatasi kwenye viatu vya akiba, kwenye vibweta vya wali, kwenye soksi. Mota iliyokuwa ikipata moto kupita kiasi, waya uliochubuka wa Nambari Kumi na Mbili, kinga iliyolegea ya Nambari Tisa. Karatasi zilijaa mpaka zikawa zinateleza sakafuni. Miezi sita ya macho ya watu ishirini na wawili, na yote yalikuwa yamefichwa ili ua lisikose mtu wa kubandikiwa.

Lakini Chizuko hakuitazama lundo. Alimtazama Setsuyo.

"Tarehe nne?" aliuliza.

"Tarehe nne."

"Mimi nilikaa pale tarehe ishirini na moja."

"Ndiyo."

"Na juzi ukanimenyea pera."

Setsuyo alishuka kwenye kibao. Angeweza kumtaja Hibino, ubao, maua, Nagoya. Yote yangekuwa kweli. "Nilijua," alisema. "Nilikuwa nakiinua kwa kidole gumba. Nilitaka kukuambia wakati wa chakula. Ningevuta kamba siku ile, ungekuwa na vidole."

Alipiga magoti kwenye sakafu ya oili akainama. Chizuko hakumwinua. Alikunja barua yake, akaiweka juu ya lundo, akamgeukia Murase.

"Hii si yangu, Mkuu. Gawaneni."

Taa ilikuwa bado inawaka. Kwa utaratibu ni mkuu peke yake aliyeweza kuizima, na hakuna aliyemsaidia. Murase aliokota karatasi moja, akaisoma. Akaokota ya pili. Alisoma nane au tisa, amesimama, na kila moja ilimchukua muda mrefu kuliko iliyotangulia. Kisha alivua kofia. Nywele zilikuwa zimemlala kwa jasho na alionekana mdogo kuliko cheo chake. Aliinama kwa Chizuko mpaka kiuno, akakaa hivyo mpaka watu wakaanza kuangalia pembeni.

"Asante kwa kutusimamisha," alimwambia Setsuyo alipoinuka. Neno lilitoka limekwaruza, halikuwa limezoea kinywa kile. Kisha akasema fundi aitwe, na mpiga picha aambiwe asije.

Fundi alikuja na kikapu chake. Aliondoa turubai, akafungua skrubu mbili, akachomoa springi iliyochoka, akapangusa oili kwa kitambaa, akatia springi mpya. Dakika moja nzima aliipoteza kutafuta miwani yake, ambayo ilikuwa kwenye paji la uso. Akabonyeza kitufe mara tano, nacho kikarudi mara tano.

Chizuko alikuwa amesimama chini ya saa ya ukutani tangu fundi aliposhika skrubu ya kwanza, mkono wa bendeji ameukumbatia kifuani, anautazama mshale wa dakika.

"Dada," alisema.

Setsuyo alisogea.

"Dakika tisa."